Siku Niliyonoa Kisu Mbele ya Simu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeuza mahindi ya kuchoma pale Mombo kabla sijaota ndevu, nakimbia na beseni kichwani pembeni ya basi linaloondoka, abiria keshaling'ata hindi na pesa bado iko mfukoni mwake. Nimelala porini upande wa Handeni na mbuzi wa kununua, fisi wanatuzunguka, mimi na tochi yenye betri moja. Nimeibiwa, halafu nikaibiwa tena na yule aliyenisaidia kumtafuta mwizi wa kwanza. Shule niliishia darasa la nne kule Makuyuni, na mwalimu wangu alitangaza mbele ya darasa zima kwamba sitafika popote. Leo mwalimu huyo anakunywa supu kwangu, na mimi humwekea nyama ya ziada ili anitazame vizuri.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mzee, utashangaa", huwa nacheka tu.

Basi nilishangaa. Nilipomaliza kushangaa nikakasirika, na hasira hiyo ninayo hadi ninapoandika hapa. Wala siitafutii dawa.

Nina bucha na jiko la nyama choma Korogwe, kando ya barabara kuu, na tawi dogo Handeni. Sikurithi hata kijiko. Mbuzi nawanunua mwenyewe mnadani Handeni, kwa Wamasai wanaonijua na wanaojua kwamba mimi sidanganyiki. Nikimshika mbuzi kiunoni nakuambia atatoa kilo ngapi, halafu wewe nenda kapime. Kutangaza sikuwahi. Jiko langu likishika moto, moshi unavuka barabara, madereva wa mabasi wanapunguza mwendo bila kupenda. Tangazo gani zaidi ya hilo?

Ila kijana mmoja alikuja kufungua jiko lake ng'ambo ya barabara. Akatundika taa za rangi, akaweka viti vya plastiki vyeupe, akafungua ukurasa mtandaoni. Nyama yake ngumu, nimeionja, nimeitema. Lakini wasafiri wa kwenda Lushoto wakaanza kusimamisha magari yao kwake, wanapiga picha na sahani kabla ya kula. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu anakula raba na anaipiga picha!

Ndipo binti wa dada yangu alipomaliza chuo, na stashahada yake ya masoko, akaja kukaa kwetu akisubiri ajira. Akanikuta nimekaa nikiitazama ng'ambo ya barabara.

"Anko, wewe mtandaoni haupo kabisa."

"Nipo hapa. Anayenitaka aje."

"Ndiyo mkakati wenyewe unaanzia hapo. Siku hizi watu hawanunui nyama, wananunua hadithi."

"Basi wapimie kilo moja ya hadithi, uwawekee na kachumbari."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Binti naye akacheka, lakini hakuacha. Siku ya pili akaja na kompyuta, akaipangusia nafasi kwenye meza ya kukatia ndizi, akanisomea mkakati mzima. Jumatatu picha ya chakula. Jumatano ushauri kwa mteja, namna ya kuchagua nyama laini. Ijumaa video. Kuna mahali palikuwa na kitu kinaitwa mteja lengwa.

"Ndiye nani huyo?"

"Kijana mwenye kipato, anayesafiri, anayependa kujirekodi."

"Na yule mzee anayekula maini hapa kila asubuhi?"

"Huyo hayumo kwenye lengwa, Anko."

"Kamwambie mwenyewe. Amekaa pale."

Hakwenda kumwambia. Lakini kwenye ukurasa uliofuata akasoma jambo ambalo lilinigusa, na sioni sababu ya kulificha: sura ya biashara ni mwenye biashara. Watu wamwone aliyeanza na beseni la mahindi. Hapo nilimwitikia. Kama nyama hii ina sura, ni hii yangu, imeungua kwa moshi wa jiko hili miaka yote. Nikamwambia afanye.

Akapanga video ya kwanza. Aliiita safari ya nyama: kutoka mnadani Handeni, kwenye gari, machinjioni, jikoni, hadi kwenye sahani. Mpango mzuri, nasema ukweli. Hata leo sijasema mpango ulikuwa mbaya.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Huku Korogwe na Handeni, Wakristo na Waislamu tunakula nyama moja, kwenye meza moja, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kila mtu anajua anayechinja ni Mwislamu. Mimi ni Mkristo, wazazi wangu walishuka kutoka milimani wakiwa na Biblia na mbegu za maharage. Sijawahi kuchinja hata kuku wa kuuza. Kazi hiyo ni ya mzee wangu mmoja, Mzigua wa Kwedizinga, tuko naye tangu nina mbuzi wawili. Mtu akila kwangu anakula kwa jina la mzee yule. Mteja mgeni akisita, utamsikia jirani yake mezani: "Kula bwana, anachinja mzee wa Kwedizinga." Maneno hayo yamenijengea nyumba.

Binti alipomwambia mzee kwamba kuna video, mzee akauliza, "Na mimi natokea?"

"Unatokea, babu. Wewe ndiye moyo wake."

Mzee akaomba siku moja. Akarudi kwao, akaja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia mpya. Nilijua baadaye kwamba alipita njiani akiwaambia watu wa kijijini kwao: mtaniona kwenye simu.

Machinjioni, kabla ya kazi, binti akasema anataka picha ya mimi nikinoa kisu. Nimevaa aproni nyeusi yenye jina la biashara, natazama kisu, halafu nainua macho. Kisu ni cha mzee, na hakuna mwingine anayekigusa. Mzee akakiangalia, akaniangalia mimi, akanipa.

"Noa. Lakini usikizoee."

"Nikizoee mara ngapi, mzee? Nina kazi zangu."

"Nyie watu wa milimani mkipewa kidole..."

Tukacheka. Nikanoa. Nilinoa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunoa mbele ya simu. Kisha nikamrudishia kisu chake, mzee akamwelekeza mbuzi kibla, akataja jina la Mungu, akachinja, bwana afya akakagua, akapiga mhuri. Yote yakarekodiwa. Yote! Watu waliokuwepo wapo hai.

Binti akaunganisha vipande, akaomba pesa ya bando, nikampa shilingi mia tano, akarusha. Haikupita muda video ikafutwa. Mtandao wenyewe ndio ulioifuta, wakaleta na onyo juu: hawaruhusu damu. Akaja kwangu, mimi nina foleni ya wateja, mikono yote ina mafuta.

"Anko, nitoe sehemu ya damu?"

"Toa. Nani anataka kuona damu?"

Akatoa, akanionyesha. Nikajiona nanoa kisu, nainua macho, moto unawaka, mbavu zinageuzwa, sahani inashuka mezani. Nilipendeza, sitaongopa. Nikasema rusha. Mimi niliambiwa damu imetolewa. Sikuambiwa kwamba mzee naye ametolewa pamoja na damu. Basi aliyebaki na kisu ni mimi, na baada ya kisu ni nyama.

Tuliamka na sifa. Simu ya binti ilikuwa inalia kama kifaranga. "Bei?" "Bei gani?" "Mpo wapi?" Mahali tulipo pameandikwa juu ya video kwa herufi kubwa, na chini yake watu wazima wanauliza mpo wapi. Mwingine yuko Dar es Salaam anauliza kama tunaweza kumpelekea mishikaki ya moto. Ya moto! Nikamwambia binti amjibu aje na jiko lake. Akasema mkakati unataka lugha nzuri kwa mteja. Akamwandikia "karibu sana mpendwa".

Halafu ikaja Ijumaa.

Ijumaa baada ya swala ndiyo siku yangu kubwa. Benchi la upande wa kulia hujaa wanaume wa kanzu, wanaagiza mguu mzima, wanabishana kuhusu mpira. Siku ile nilichoma kama kawaida, nikakata ndizi, nikapanga pilipili. Benchi likakaa tupu. Nikadhani kuna msiba. Nikamwuliza kondakta mmoja aliyekuja kununua maji, maji tu, mtu ambaye huwa anamaliza mbavu peke yake.

"Kuna nani kafa?"

Akaangalia chini. "Hakuna, mzee. Si unachinja mwenyewe siku hizi?"

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Tumekuona."

Tumekuona! Miaka yote wamekula, wamelamba vidole, wamepeleka mifupa kwa mbwa wao, na video moja fupi kuliko kufunga kamba za viatu ikawa imeona zaidi ya midomo yao. Akanifungulia na ujumbe wa sauti uliokuwa unazunguka kwenye magrupu. Mama mmoja, kwa sauti ya upole kabisa: "Jamani wapendwa, mimi simsemi mtu vibaya. Naomba tu tujiulize. Kisu kakishika nani? Tumwogope Mungu na matumbo yetu." Sauti ile naijua. Sauti ile huniambia kila wiki, "Niongezee figo, baba, usiwe mchoyo." Hakunipigia simu. Namba yangu anayo, na figo zangu anazo.

Kabla sijamaliza hasira ya huyo, simu ikaita kutoka Handeni. Kijana aliyeniagiza mbuzi wa arusi ya dada yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbuzi wako tayari, nimewachagua mwenyewe."

"Ndiyo mzee... wazee wa familia wamesema tusubiri kidogo."

"Arusi imesogezwa?"

"Arusi iko pale pale, mzee. Ni nyama ndiyo tusubiri."

Nilikata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Mzee wangu aliingia mchana kwa bodaboda, vumbi la Kwedizinga liko kwenye kope. Hakusalimia. Akaomba simu ya binti, akaitazama video mwanzo hadi mwisho, akairudia, ameishika mbali na macho kama mtu anayesoma dawa.

"Mimi niko wapi humu?"

Akaigeuzia simu kwetu.

"Nimewaita watu nyumbani. Wamekaa, wake kwa waume, wanangoja wanione. Wamekuona wewe. Jirani yangu akaniuliza, sasa wewe miaka yote kule Korogwe ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unamkodishia jina lako?" Akamrudishia binti simu taratibu. "Mimi. Na nimewaita mwenyewe."

Nikamgeukia binti. Sitaandika niliyomwambia, dada yangu atasoma. Ila nilimwuliza: wewe umezaliwa hapa hapa, nyama hii unaila tangu una meno mawili, hukuona kilichokosekana?

"Kwenye ile sehemu niliona damu tu, Anko." Machozi yanamtoka. "Na nilikuonyesha kabla ya kurusha."

"Usinijibu!"

"Sikujibu. Nakukumbusha."

Mzee akachukua kisu chake kutoka kwenye ndoano, akakifunga kwenye kitambaa. Akasema hatachinja kwangu mpaka jambo liishe mbele za watu, si uani. Akaondoka. Mimi na jiko, mimi na nyama iliyoiva, na ng'ambo ya barabara yule kijana wa taa za rangi tayari amening'iniza kibao: HAPA ANACHINJA USTADHI. Rangi haijakauka, inachuruzika.

Kwa hiyo nikafanya lisilokuwepo kwenye mkakati. Nikasimama mbele ya bucha, nikamwamuru binti anirekodi, nikazungumza. Nikawaambia mimi ni nani. Nikawaambia nimetoka wapi. Nikawauliza kama wana macho au wana mashimo. Nikasema anayetaka ushahidi aje nimpe, na asiyetaka akale raba ng'ambo ya barabara. Binti alinisihi, "Anko, hii hapana, tungoje utulie." Mimi kutulia? Nikamwambia rusha.

Ilisambaa kuliko ile ya kwanza. Vijana wakachukua pale ninaposema "mna macho au mna mashimo", wakaiwekea ngoma, wakaifanya inajirudia. Nikiingia stendi, mtu asiyejulikana nyuma ya basi anapaza sauti, "Macho au mashimo!" na stendi nzima inaangua kicheko. Mimi, ambaye nimewapa nusu ya vijana wale kazi ya kwanza.

Binti akajaribu njia yake. Alikuwa na ile video nzima, yenye mzee na shati lake jeupe na damu. Mtandaoni haiwezekani, akaituma kwenye magrupu. Unajua walisema nini? Walisema imetengenezwa baada ya kelele. Mmoja akasema shati ni jipya mno, machinjioni hakuna mtu anavaa shati jeupe. Mzee wa watu alivaa vizuri kwa heshima ya kuonekana, na heshima hiyo ikageuzwa ushahidi wa uongo! Hapo ndipo niliposhangaa. Niandike wazi: hapo ndipo.

Mbuzi wakabaki zizini wananitazama. Nyama nilianza kupeleka nyumbani, mpaka mke wangu akasema akiona mbavu tena atarudi kwao. Tawi la Handeni nililifunga kwa kufuli. Nikapanda gari, nikaenda Kwedizinga.

Nilimkuta mzee anapukuchua mahindi. Sikuketi.

"Unataka nifanye nini? Nirekodi nyingine? Useme mwenyewe?"

"Siyo mimi wa kusema wala wewe. Waje waone."

"Sawa. Namleta mpiga picha wa Tanga, mwenye mashine kubwa."

"Macho, wewe! Macho yao. Simu ndizo zimetufikisha hapa." Akatupa gunzi. "Ijumaa, baada ya swala. Uwanja wa machinjio. Nachinja mbele ya kila anayetaka kutazama, Mwislamu na Mkristo, halafu wanapikiwa, wanakula, wanakwenda kwao. Tafuta ng'ombe."

"Ng'ombe? Mbuzi hawatoshi? Ninao, wamejaa zizini."

"Wamekwisha kuwa mbuzi wa maneno hao."

"Mzee, mimi nimekosa nini lakini?"

"Hujakosa. Ndiyo maana nimesema ng'ombe mmoja."

Nilirudi Handeni mnadani na hasira ile ile. Mmasai mmoja rafiki yangu aliponiona nachagua dume akauliza kama ninaoza binti. Nikamwambia naoza, ndiyo, naoza jina langu. Akacheka, hakupunguza bei.

Ijumaa ile walikuja. Walikuja watu ambao sijawahi kuwaona, na wale wa benchi la kulia wote, na kondakta, na yule mama wa sauti ya upole, mbele kabisa, na khanga mpya. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuja. Na kijana wa ng'ambo ya barabara alisimama kwenye kona, amekunja mikono. Mzee akatoka na shati lile lile jeupe. Simu zikainuka juu kama mashamba ya mkonge. Akasimama, akangoja.

"Simu mifukoni. Mlisema mmeona. Leo oneni."

Wengine wakanung'unika. Mzee hakusogea mpaka simu ya mwisho iliposhuka. Kisha akakifungua kitambaa, akatoa kisu, na mbele ya watu wote akanipa mimi.

Nilikielewa alichotaka. Nikanoa, pale pale, nimesimama, kama siku ile. Nikamrudishia. Akasema kwa sauti, "Huyu hunoa. Mimi huchinja. Kuna swali?" Akataja jina la Mungu, na kazi ikafanyika, na damu ikamwagika mbele ya macho ambayo hakuna mtandao wa kuyafutia kitu.

Wakala pilau. Wakala wakarudia. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi, na mimi nilipita kila jamvi nikiwapa nafasi. Yule mama alikula sahani mbili, akaniambia, "Hongera baba, nyama laini. Lakini figo sijaona." Nilimtazama. Binti akanivuta mkono.

Jumamosi benchi la kulia lilijaa. Kijana wa Handeni akapiga simu, wazee wa familia wameridhika, mbuzi wale wale waende. Mzee amekitundika kisu kwenye ndoano yake, na ukurasa upo, binti anauendesha, na kwenye mkakati ameongeza mstari mmoja kwa amri yangu: hakuna kinachorushwa kabla mzee hajakitazama na kujitafuta humo. Wateja wamerudi, wanaongezeka, kijana wa ng'ambo ameshusha kibao chake. Na mimi bado nina hasira, kwa sababu nimelipa ili kuthibitisha jambo ambalo walikuwa wanalijua na mdomo umejaa. Ukichukua yule dume, na mchele, na mafuta na viungo, na kuni, na kukodi masufuria na majamvi, na akina mama waliopika, na usafi wa uwanja, na ukaweka juu yake lile bando lililoanzisha yote, imenigharimu shilingi milioni mbili, laki moja, elfu sitini na saba na mia tano.